Kutoboa paa la kempa ya kukunja: kifuniko cha mkono, feni ya umeme, uyoga wa sola, au uache paa lako kama lilivyo? (kwa joto letu la Tanga)

Kaskazi ikishaanza, Desemba hivi mpaka Machi, wenye kempa za kukunja hapa Tanga wote wanageuka kuwa mafundi wa hewa. Naongelea zile trela unazivuta zikiwa zimelala, ukifika Pangani au Ushongo unazungusha winchi, paa linapanda, vitanda vinatoka huku na huku na kuta zake ni turubai. Mchana hamna shida maana mtu unashinda majini, shida ni usiku. Neti na zipu zimefungwa kwa ajili ya mbu, mko wanne ndani, paa limekula jua kutwa nzima, na joto lote limejikusanya darini, tena pale vitandani ndo dari liko karibu na pua yako kabisa.

Sasa njia ziko nne. Kuna kifuniko cha kawaida cha kuzungusha kwa mkono, kuna feni ya umeme ya paa, kuna kile kiuyoga cha sola ambacho asili yake ni mambo ya boti, na kuna kutotoboa kabisa. Watu wengi wanazilinganisha kwa bei, mi naona bei ije baadae. Jiulize kwanza hivi: mvua ikishuka saa nane usiku, hicho ulichoweka kitaendelea kutoa hewa au itabidi uamke ukifunge?

Nasema hivyo kwa sababu usiku wenye upepo huku kwetu hata tundu huhitaji. Kusi ikivuma, we fungua zipu ya upande wa bahari na ya upande wa pili, hewa inapita yenyewe na alfajiri utaitafuta shuka. Tundu la paa lina kazi kwenye usiku wa aina mbili tu, ule ambao upepo umekata kabisa jani halitikisiki, na ule wa mvua za masika au vuli ambapo umeshusha turubai zote na mnapumua mvuke wenu wenyewe. Kwaiyo kitu unacholazimika kukifunga mvua ikija, kinakukimbia saa ileile uliyokinunulia.

Kifuniko cha mkono

Hiki ni fremu ya mraba yenye kifuniko cha plastiki, chini yake neti, unazungusha kitasa kinainuka. Kwa kempa za Marekani kipimo kilichozoeleka ni inchi 14 kwa 14, yani sentimita 35 na nusu hivi kila upande, za Ulaya mara nyingi ni sentimita 40 kwa 40. Pima kabla hujafanya lolote, maana kempa nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na tundu tayari, na kama lako lipo basi hamna kukata paa, ni kufungua skrubu, kukwangua gundi ya zamani na kuweka kingine, feni nyingi pia zimetengenezwa kuingia kwenye matundu hayohayo. Ukishajua hilo nusu ya woga unaisha.

Uzuri wake hakili umeme na hakina mota ya kuliwa na chumvi. Pia kinaleta mwanga, mama watoto kwangu alikua anakitaka kwa ajili ya mwanga tu, habari za hewa hata hakuuliza, ila saa kumi na mbili asubuhi jua likichomoza huo mwanga unakuangukia usoni moja kwa moja.

Lakini uwezo wake wa kutoa hewa watu wanausifia kupita kiasi. Ni kweli hewa ya moto inapanda juu na kutoka, ila nguvu ya kupanda inategemea vitu viwili, tofauti ya joto kati ya ndani na nje, na kimo kutoka pale hewa inapoingia mpaka inapotokea. Sasa tuseme nje nyuzi 26, ndani 29, na kutoka dirisha la turubai mpaka darini haifiki hata mita moja na nusu, hapo unategemea nini? Hewa inatoka ndiyo, ila kwa uvivu. Ukiwa Lushoto kwenye baridi tofauti ya joto ni kubwa na kinavuta vizuri tu, lakini Lushoto nani analia joto.

Alafu ndo hiyo mvua. Kikiwa wazi kinaingiza maji. Kuna kofia za plastiki zinazofungwa juu yake ili kikae wazi hata ikinyesha, na ukiiweka unakua umelijibu lile swali langu kwa gharama ndogo kuliko feni, hilo lazima nikiri. Tatizo linabaki kwenye nguvu, unaacha mlango wazi kwa hewa isiyo na haraka ya kutoka.

Jambo jingine ni jua letu. Hivi vifuniko vya plastiki nyepesi vikikaa juani vinakauka, vinapoteza ule ulaini, siku moja unakigusa kinapasuka. Na tafadhali usipaki chini ya mnazi kwa kufuata kivuli, nazi moja ikidondoka kifuniko kimekwenda na pengine paa pia.

Feni ya umeme

Hapa ndo nitakaa kidogo maana hapa ndo kuna maneno. Majina mawili yanayotajwa sana ni MaxxFan na Fan-Tastic Vent, zote za volti 12, zote zinaingia kwenye lile tundu la inchi 14. Wanaotengeneza wanatangaza futi za ujazo 900 kwa dakika kwa spidi ya juu, yani mita za ujazo 25 hivi. Kempa ya kukunja ya kawaida ikiwa imefunguliwa yote haizidi sana hapo kwa ujazo, kwaiyo hata tukisema kwenye maisha ya kweli, na neti ina vumbi, unapata nusu yake, bado unabadilisha hewa yote ya ndani kila baada ya dakika mbili hivi. Kifuniko cha mkono hakikaribii hata kidogo.

Tofauti kati ya hizo mbili kwa sisi watu wa pwani iko kwenye mvua. MaxxFan Deluxe ina kofia yake mwenyewe, inainuka na mdomo unaangalia upande mmoja, feni inazunguka huku mvua inanyesha. Fan-Tastic nyingi zina kifuniko cha kawaida, na zile za bei kubwa zina kihisi cha mvua kinachofunga kifuniko chenyewe tone likigusa. Watu wanakipenda sana hicho kihisi. Mi kwa Tanga sikitaki, maana kikishafunga hewa imekatika, mnaamka mmelowa jasho badala ya mvua. Kihisi kinafaa kwa mtu anayeondoka mchana kwenda Amboni kwenye mapango na kuacha kempa wazi, basi.

Ukiweka ile yenye kofia, angalia mdomo wake unatazama wapi wakati unapaki. Masika upepo ni kusi, unatoka kusini mashariki, kwaiyo paki mdomo uangalie bara na sio bahari, la sivyo mvua ya kusukumwa na upepo itaingia pembeni. Kaskazi nayo inatoka kaskazini mashariki, bado ni upande wa bahari, kwaiyo mdomo uendelee kuangalia bara.

Na kuitumia kuna namna yake, wengi wanaikosea alafu wanasema feni mbovu. Ukifungua zipu zote nne, feni inavuta hewa kutoka dirisha lililo karibu nayo na nyie vitandani hampati kitu. Funga zote, acha wazi sehemu ya zipu zile za vichwani tu, pale unapolala, neti ikiwa imefungwa bila shaka. Hapo hewa inalazimika kupita juu yako kabla haijafika kwenye feni, unaisikia kabisa kwenye ngozi. Spidi ya chini inatosha usiku, na makelele yanapungua. Kitu kimoja cha usalama: usiwashe feni ya kuvuta huku kila zipu imefungwa na una friji la gesi au jiko la gesi linawaka ndani, feni itatafuta hewa popote, ikiwemo kwenye njia ya moshi wa friji. Jiko la mkaa ndani ya kempa ni hapana, kuwe na feni kusiwe na feni, gesi ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Umeme wake sio wa kutisha. Spidi ya juu inaweza kufika ampia 3 hadi 5 kutegemea aina, spidi za chini mara nyingi chini ya ampia 2. Chukua ampia 2 kwa saa 8 za usiku, ni ampia-saa 16. Betri N70 ya kawaida ya maji (ampia-saa 70 hivi), ambayo hutaki kuishusha chini ya nusu, inakupa usiku mbili hivi bila kuchaji. Ukiwa na paneli ya sola ya wati 100 na jua la kaskazi unarudisha hiyo kila siku na chaji ya simu inabaki.

Sasa mambo ambayo tangazo halikwambii kwa sababu feni zilitengenezwa kwa ajili ya magari yenye paa lisiloshuka. La kwanza, waya. Paa lako linapanda na kushuka, kwaiyo waya lazima uwe na nafasi ya kujikunja bila kubanwa na nguzo au kukatwa na turubai. Kempa nyingi zina waya wa taa ya dari unaopanda kwenye kona moja, fundi atataka kuungia hapohapo. Angalia kwanza unene wake na fyuzi yake, waya wa taa ni mwembamba na feni ya ampia 5 ni kitu kingine. Mi ningepitisha waya wake wenyewe, milimita 2.5, na fyuzi yake karibu na betri.

La pili, unene wa paa. Mapaa ya kempa za kukunja ni membamba sana, mengine sentimita mbili na nusu tu, na ile fremu ya ndani ya feni inakuja ndefu ya kutosha paa nene. Utaikata kwa msumeno ikae sawa. La tatu, na hili ndo linaumiza watu: paa likishuka, kile kinachoning'inia chini ya dari kinakwenda kukutana na nini? Kuna meza, kuna jiko linalosimama, kuna godoro. Shusha paa, ingiza mkono na futi kupitia mlangoni au pima kutoka pembeni, ujue una sentimita ngapi za bure pale unapotaka kuweka. La nne, kimo cha nje. MaxxFan ikiwa imefungwa inasimama juu ya paa sentimita 12 au 13, kama geti lako au banda lako la kupaki liko chini hesabu hiyo mapema, na kama huwa unabeba baiskeli juu (na Tanga nani hana baiskeli) basi zitahama.

Uzito sio tatizo, kilo tano sita hivi, winchi haitajua. Hapa ndo AC inapotofautiana, ya juu ya paa ni kilo 30 mpaka 45 hivi, inataka paa lililoimarishwa, inataka umeme wa volti 220 au jenereta, alafu ubaridi wote unatokea kwenye turubai. Kama unataka mambo ya hotelini nenda hotelini.

Uyoga wa sola

Hiki ni kiduara kidogo chenye paneli juu na kifeni ndani, tundu lake ni dogo, sentimita 10 hadi 12 hivi. Kwenye boti kinakaa juu ya deki. Wauzaji wa hapa wanaweza kukuuzia kama mbadala wa feni na hapo ndo naomba uwe makini: kile cha inchi 4 kinatangazwa futi za ujazo 1000 hivi kwa saa. Soma tena, kwa saa. Kiasi ambacho feni kubwa inatangaza kwa dakika moja, uyoga unakitoa kwa saa nzima. Kwa kulalia watu wanne usiku wa kaskazi hakifai, hilo halina ubishi.

Ila kina kazi moja ambayo vingine vyote haviiwezi. Kempa ikiwa imefungwa, imelala nyumbani Raskazone au Chumbageni miezi yote ya masika, ndani yake turubai na magodoro vinaota kuvu, unaifungua Juni inanuka kama kisima. Uyoga unaendelea kutoa ule unyevu polepole usiku na mchana (kama umenunua wenye kibetri cha usiku), paa likiwa limeshuka, bila wewe kuwepo, na haujali mvua. Kwaiyo kama kempa yako inalala zaidi kuliko inavyosafiri, huu ndo ununue, au huu pamoja na kingine. Vile vinavyozungushwa na upepo kama vya kwenye maghala sivizungumzii, barabarani vinapiga kelele na vinang'oka.

Kutotoboa

Kuna mapaa hayatakiwi kuguswa. Kama ni Coleman ya mwisho wa miaka ya 1990 mpaka mwanzoni mwa 2000 yenye paa la plastiki la kipande kimoja, hayo yanajulikana kwa kupasuka yenyewe hata bila kutobolewa, ukiongeza tundu lenye kona kali umeuanzishia mpasuko njia. (Utazijua za Marekani kirahisi, mlango uko kulia, yani kwetu unashukia barabarani kwenye magari.) Vilevile kama mbao za ndani ya paa zimeshaoza, bonyeza kwa kidole pembeni na kwenye kona usikie kama panabonyea, tengeneza hilo kwanza. Na kama kempa ni ya kukodi au una mpango wa kuiuza, mnunuzi akiona tundu la kienyeji anakata bei.

Badala yake nunua neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, uitundike juu ya paa ikiwa imeachana nalo sentimita 20 au 30 ili upepo upite katikati. Paa lisipokula jua mchana, usiku halina joto la kuwashushia. Ongeza feni mbili ndogo za volti 12 za kubana kwenye nguzo, moja kila kitanda. Kwa pesa hakuna kinachoishinda njia hii, ila usiku wa mvua mnakua mnazungusha hewa ileile chafu, inapoza ngozi tu. Neti ya kivuli mi ningeiweka hata kama umetoboa.

Usubi na chumvi

Kuna usubi wa mikokoni, wadudu wadogo kuliko mbu, neti ya kawaida ya kifuniko wanapita. Ukienda kulala karibu na mikoko jioni yenye utulivu utawajua. Neti ya matundu madogo zaidi inawazuia ila inabana hewa, na hapa kifuniko cha mkono kinakufa kabisa wakati feni inaendelea kuvuta, kwa tabu kidogo. Neti hizi zisafishwe, vumbi la njiani peke yake linatosha kuziba nusu ya matundu.

Skrubu ziwe stenlesi, namba 316 ukizipata, za kawaida zilizopakwa zinki baharini hazichukui muda zinatoa machozi ya kutu kwenye paa jeupe. Kuziba ndo usimwachie fundi aamue mwenyewe, kwa sababu atakuja na silikoni. Silikoni inayonuka siki inatoa asidi ikiwa inakauka na inakula chuma na aluminiamu, alafu ikishakaa pale hakuna gundi nyingine itakayoshika vizuri juu yake tena, siku ya marekebisho unakwangua mpaka unalia. Chini ya fremu weka utepe wa butili (utepe laini wa mpira unaonata), mafundi wa vioo vya magari wanaujua, kaza skrubu kidogokidogo kwa kuzunguka mpaka utepe utokeze pembeni, kisha juu ya vichwa vya skrubu pitisha silanti ya mapaa ya kempa, ile inayojilaza yenyewe. Kwa paa la plastiki soma kopo kwanza, silanti nyingine zinaidhuru plastiki. Ndani zungusha fremu ya mbao ngumu ili skrubu zipate pa kushika, kona za tundu zikatwe kwa mviringo, na usikate boriti ya paa hata kama ndo katikati kabisa ulipotaka. Mwagia maji ya mpira kwa muda mrefu kabla hujafunga ile fremu ya ndani, likivuja ulione.

Mimi ningechagua nini

Kama unalala nje mara kwa mara pwani na una betri ya pili: feni yenye kofia yake ya mvua, sifikirii mara mbili. Kama una tundu tayari na mfuko ni mdogo: kifuniko kipya cha mkono, kofia ya mvua juu, feni ndogo za volti 12 vitandani, na utepe wa butili mpya. Paa la plastiki la zamani: neti ya kivuli na feni ndogo, usiguse. Kempa inayolala banda miezi nane: uyoga.

Na ukiagiza feni, agiza humohumo kwenye mzigo huohuo kifuniko cha akiba na neti ya akiba, maana ukija kuvitafuta kimoja kimoja baadae usafiri wa kuvifikisha Tanga unaweza kuzidi bei yake.